Msimnyang'anye Kicheko Chake



Kila ekipi ina mtu wake wa kuchekesha. Wa kwenu unamjua, na jina lake limekwisha kukujia kabla hujafika mwisho wa mstari huu. Ni yule ambaye siku ya mshahara, chupa ya pili ikiisha, anasimama katikati ya nganda na kuiga sauti ya injinia, mwendo wa kapita, na namna mama mkwe wake anavyohesabu pesa. Watu wanapiga meza. Wengine wanafuta machozi. Mwenye nganda anafurahi kuliko wote, maana mtu mmoja wa namna hiyo anamwuzia makasha ya bia usiku mmoja bila kulipwa hata faranga.

Siku moja mtu huyu anaacha pombe. Pengine daktari amemwambia habari ya ini lake. Pengine asubuhi alipuliza kwenye kipimo langoni, akarudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Pengine mtoto wake alimwona anakuja, akakimbilia kwa jirani. Sababu ni yake. Wiki ya kwanza ekipi yote inampongeza. Wiki ya pili mmoja anamwuliza kama amekuwa padri. Wiki ya tatu wanamwambia: «Zamani ulikuwa mtu, sasa umekuwa ukuta.» Na jumamosi inayofuata chupa inafunguliwa mbele yake, wanaisukuma polepole mpaka inagusa mkono wake, na wote wanacheka.

Juu ya kicheko hicho ndipo nataka tuongee leo, wewe na mimi.

Watu wengi husema kwamba aliyeacha pombe hurudishwa na kiu. Kiu ipo, sikatai. Lakini mimi naamini wengi wao hurudishwa na jambo jingine. Mtu huyu alikuwa na kazi mbili: ya kompani, na ile ya kutuchekesha. Alipoacha chupa alifikiri ameacha chupa tu, kumbe sisi tumemwachisha na kazi ya pili. Tulimpenda alipokuwa mlevi kwa sababu alitufurahisha. Sasa hatujui tufanye naye nini, naye hajui kama bila pombe bado ana kitu cha kutupa. Anakaa pembeni, mikono kwenye magoti. Mtu anayekaa hivyo kila jumamosi, nipe sababu moja ya kumzuia asirudi katikati ya meza ambako watu wanapiga makofi.

Utaniuliza: mambo ya kucheka yameingiaje kwenye ukurasa wa usalama? Tupige hesabu pamoja.

Chupa moja kubwa ya bia, ya sentilita 72 na nguvu ya asilimia 5, ina alkoholi gramu 28 hivi. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 kwa saa, pengine 8. Wewe umeanza kunywa saa kumi na mbili jioni, ukanywa chupa nne: gramu 112. Unaamka kwa posti ya saa kumi na mbili asubuhi. Saa 12 zimepita, ini limeondoa gramu 84. Zinabaki 28. Maana yake, ingawa umelala, umeoga, umekunywa chai na kutafuna limau, unaingia kazini ukiwa na chupa nzima ndani ya damu. Maji baridi hayaiondoi. Kahawa hukufanya mlevi asiyelala, basi. Na hapo nimehesabu bia tu. Lutuku sina namna ya kuihesabu, kwa kuwa hakuna anayepima nguvu ya kila chupa, wala mwenye kuipika hajui vyote vilivyotoka kwenye bomba lake.

Uwe chini ya ardhi Kamoto au Kakula, uwe ndani ya shimo la KOV, uwe katika kiwanda cha Luilu kwenye asidi, chupa hiyo moja iliyolala ndani yako inatosha kukuchelewesha kidogo tu. Gari la kubeba mawe halingoji kidogo hicho. Kwa hiyo mtu aliyeacha pombe katika ekipi yenu ni ulinzi wa ekipi yote, kama vile paa lililotegemezwa vizuri. Mwenye kumvuta arudi kwa mzaha anang'oa nguzo moja. Na akifanya hivyo huku anacheka, paa halitajali kama alikuwa anatania.

Kabla sijaendelea, naomba wote mnisikilize kwa jambo ambalo halina mzaha hata kidogo. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikata ghafula, siku za kwanza ni za hatari. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakimbia, usingizi hauji. Wengine huanguka kifafa tangu siku ya kwanza au ya pili. Wengine, kati ya siku ya pili na ya nne, huanza kuona wanyama ukutani na kusikia watu wanaowaita. Hapo jirani hucheka, wanasema lutuku inamdai deni. Msicheke! Huo ni ugonjwa unaoua. Msimfungie chumbani, msimwombee tu na kumwacha. Mpelekeni lopitalo usiku huohuo, mkamwambie mganga ukweli: alikuwa anakunywa nini, kiasi gani, na amekata lini. Dawa za kutuliza mwili zipo, na vitamini B1 ipo, ambayo mlevi wa siku nyingi huwa ameipoteza. Kuficha kwa sababu ya haya kumezika watu waliokuwa wanakaribia kupona.

Siku hizo zikipita, ndipo kazi ya kicheko inapoanza.

Kwetu mzaha una wenyewe, na jambo hilo wazee walilijua kuliko sisi. Kambo na mjukuu wanataniana, wanaitana mume na mke, hakuna anayekasirika. Lakini jaribu kumtania baba mkwe wako namna hiyo uone. Hata kwenye kilio, wakati wote wanalia, wajukuu wana ruhusa ya kuiga mwendo wa marehemu, kuzuia jeneza na kudai pesa, na wafiwa hucheka katikati ya machozi. Mtu wa kando akifanya hivyo atapigwa. Maneno ni yaleyale, kicheko ni kilekile. Kinachotofautiana ni nani mwenye haki.

Basi, nani ana haki ya kuucheka ulevi wa mtu aliyeacha? Mimi nasema: wa kwanza ni yeye mwenyewe. Wa pili ni mwingine aliyepitia njia hiyohiyo. Sisi wengine tunangoja aanze yeye, halafu tunacheka pamoja naye, na tunanyamaza pale anaponyamaza. Mzaha mzaha hutunga usaha, wanasema watu wa pwani, na katika nganda zetu nimeuona usaha huo.

Lakini akianza yeye, mwache aendelee! Nimesikia mtu mmoja wa kartie yetu akisimulia jumamosi yake ya kwanza bila pombe. Alifika nyumbani saa moja jioni, na mbwa wake mwenyewe akambwekea: hajawahi kumwona akitembea wima, akadhani ni mwizi. Siku ya nne mama wa nganda alimtuma mtoto nyumbani kuuliza msiba uko wapi, maana amesikia mteja wake amefariki. Na mke wake alimtazama usoni kwa muda mrefu akasema: «Kumbe macho yako ni meupe.» Watu waliokuwa wanasikiliza walicheka mpaka wakashika mbavu, na hakuna aliyekuwa na chupa. Tazama alichofanya. Ameusema ulevi wake wote, aibu yake yote, mbele ya watu kumi, wala hakuangusha kichwa. Jambo unaloweza kulicheka umekwisha kulitoka kidogo. Umesimama kando yake, unalitazama.

Wazee wa Katanga mnamkumbuka Mufwankolo wa Lubumbashi. Miaka na miaka yeye na kundi lake waliigiza kwa Kiswahili chetu hiki cha kazini na cha kartie, katika redio na televisheni, mambo ya nyumba, ya ndoa, ya pesa na ya wakubwa. Mwaka 1986 walitunga mchezo juu ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, wakaucheza katika kijiji cha Kawama mbele ya kamera, na mtaalamu Johannes Fabian akauandikia kitabu kilichotoka mwaka 1990. Fikiri: kucheka habari za madaraka wakati ule! Kwa maoni yangu ilifaa kwa sababu aliyevaa ujinga alikuwa mchezaji mwenyewe. Hakumnyoshea mtazamaji kidole. Mtazamaji alicheka kwanza, akajitambua akiwa njiani kurudi nyumbani. Mzaha wa namna hiyo unamfikia mlevi pale ambapo mahubiri yamegonga mlango mara mia bila kufunguliwa.

Wenye elimu nao wamelichungulia jambo hili. Mmarekani Robert Provine, aliyetumia miaka mingi kuchunguza vicheko, aliona kwamba mtu akiwa na wenzake hucheka kama mara 30 zaidi ya anapokuwa peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa Turku, nchini Finland, waliwachukua wanaume 12, wakawapa dakika 30 za kucheka pamoja na rafiki zao, wakapima ubongo. Waliona ubongo umetoa zile dawa zake wenyewe za kutuliza maumivu na kuleta raha, jamaa za kasumba. Msiende kumwambia mtu kwamba kicheko kinaponya ulevi. Hakiponyi peke yake, kama vile chumvi peke yake si chakula. Ninachotaka uone ni hiki: mtu aliyekuwa akitafuta raha hiyo kwenye chupa, mwili wake una mlango mwingine wa kuifikia, na mlango huo hufunguka akiwa pamoja na watu. Ukimtenga, umeufunga.

Walioacha pombe wenyewe waligundua hayo bila vipimo. Chama cha Alcoholics Anonymous kilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa watu wawili tu, mfanyabiashara na daktari, kila mmoja mlevi wa siku nyingi, walioona kwamba wakikaa pamoja na kusimuliana hawanywi. Katika kitabu chao cha mwaka 1953 wanasimulia habari ya kundi moja lililotaka kufanya mambo makubwa: jengo, kilabu, ofisi, na sheria 61 za kuongoza kila kitu. Mambo yote yakaanguka kwa kishindo. Kiongozi wao hakuficha aibu. Alichapisha kadi akaitumia makundi mengine, yenye sheria mpya, ya 62, inayoonya mtu asijione mzito kupita kiasi. Mpaka leo, nchi nyingi, watu wa chama hicho wakitaja sheria ya 62 wanacheka. Napenda habari hii kwa sababu hata sisi wa usalama tunaweza kufikisha sheria 61 na kusahau ile moja.

Sasa utasema, mwenzetu anachekesha tena, basi amepona. Polepole. Kicheko si hati ya daktari. Mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, Tanganyika, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia; 95 kati ya 159 walishikwa, na shule ikafungwa mwezi wa tatu. Waganga waliowapima hawakukuta sumu wala mdudu. Ilikuwa dhiki iliyotafuta pa kutokea. Mtu wa kuchekesha naye anaweza kuficha dhiki yake ndani ya utani. Ukiona anacheka sana lakini hali chakula, anakopa pesa, anakwepa macho yako, mvute pembeni umwulize kwa sauti ya kawaida: «Ndugu, uko namna gani?» Halafu nyamaza, umpe nafasi ya kujibu.

Mambo ninayowaomba ni machache, na hayana gharama kwa kompani.

Kapita, wewe ndiye wa kwanza. Kabla ya posti mna dakika za mazungumzo ya usalama, na tuseme ukweli, nusu ya watu wanalala macho wazi. Mpe mtu huyo nafasi hapo. Sisemi asimame kusimulia ulevi wake. Usimlazimishe kamwe kuwa mfano, maana mtu aliyetundikwa ukutani kama tangazo atatafuta pa kujificha, na mahali pa kwanza ni nganda. Mwambie asimulie jambo lolote la kazi kwa namna yake: mtu aliyesahau mshipi wa usalama, mtu aliyetaka kupita nyuma ya gari kwa sababu ana haraka ya kwenda kula. Mwache aige sauti ya injinia saa kumi na mbili asubuhi, akiwa mzima. Siku watu watakapocheka hapo, atajua kwamba kipaji kilikuwa chake, chupa ilikuwa ikidandia tu.

Ninyi wenzake, siku ya mshahara msimkimbie wala msimchunge kama mfungwa. Mwagizieni munkoyo ambayo haijachacha, au Fanta, bila kutangaza. Anayesukuma chupa mbele yake, mmoja wenu aiondoe na kumgeuzia mzaha mwenye kuisukuma: huyo ndiye anayestahili kuchekwa usiku ule. Na kama nganda ni nzito kwake, kuna uwanja wa mpira, kuna dama chini ya mwembe. Dama ya Kolwezi ina matusi ya kutosha kumfurahisha mtu yeyote.

Akina mama wa nyumba, nawaelewa. Umekula uchungu miaka mingi, na siku anapokuwa mzima ndiyo siku unayopata nafasi ya kumwambia yote. Sema, ni haki yako, lakini si mbele ya watoto na si kwa dhihaka. Naye akikuchekesha jikoni, cheka tu. Hukumsamehe yote kwa kucheka mara moja.

Na wewe uliyeacha, nina neno lako. Tayarisha majibu yako nyumbani kama unavyotayarisha viatu vya kazi, kwa kuwa maswali yatakuja na hayabadiliki. Wakisema mke wako amekukalia, jibu: «Ndiyo, na amekaa vizuri, tangu akae mshahara unalala nyumbani.» Wakisema kidogo tu hakidhuru, waambie fungu lako la maisha yote ulilimaliza mapema, unawaachia wao walio nyuma. Ukicheka wa kwanza umeshika usukani. Tafuta mwingine mmoja aliyeacha, katika posti yako au katika kartie, mkutane mara moja kwa wiki. Akron walianza wawili. Hayo yote ni sawa kwa mwenye bangi na kwa mwenye vidonge, na ni sawa kwa ndugu zetu wanaochimba kwa mikono, ambao wengi hunywa kwanza ndipo wapate moyo wa kushuka shimoni.

Pengine ataanguka. Wengi huanguka mara moja au mbili kabla ya kusimama. Jumatatu atafika amechelewa, amenuka, hataki kumtazama mtu. Kapita atafanya kazi yake: leo hashiki mashine, na hilo halina majadiliano. Lakini jioni nenda kwake, usichukue hotuba. Kaa naye kibarazani, mwombe maji ya kunywa, mwulize kama kesho ataambatana nawe mpaka kwa mganga. Na akinyamaza sana, mwulize habari ya mbwa: alimbwekea safari hii, au alimtambua?